Damu ya Semuliki na Maneno ya Walimwengu

Wazee wetu walisema kilio huanza mfiwa na wa mbali wakaingia. Katika msiba wa Semuliki utaratibu huo uligeuka. Ijumaa ya tarehe 8 Desemba 2017, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Bwana António Guterres, alisimama mbele ya waandishi wa habari mjini New York akatangaza kwamba askari wa Tanzania wameuawa mashariki ya Kongo. Alipokuwa akiyasema hayo, huku kwetu majina yalikuwa hayajatangazwa. Wa mbali walikwishaanza kulia, na wafiwa walikuwa bado hawajijui kuwa ni wafiwa.

Tunaikumbusha habari hii kwa kuwa miaka imepita, na misiba iliyoifuata imekuja kuifunika. Kituo cha kombania moja ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania, kilichowekwa katikati ya msitu karibu na mto Semuliki, kwenye barabara inayotoka Mbau kwenda Kamango katika eneo la Beni, jimbo la Kivu ya Kaskazini, kilivamiwa magharibi ya tarehe 7 Desemba 2017. Waliokivamia, kwa ushahidi wote uliokusanywa baadaye, walikuwa wapiganaji wa ADF, kundi lililozaliwa Uganda katika miaka ya 1990 na kuifanya misitu ya Kongo kuwa nyumba yake. Hesabu ya mwanzo ya waliokufa ilikuwa 14. Uchunguzi ulipokamilika hesabu ilisimama kwenye 15 waliokufa, 43 waliojeruhiwa, na mmoja asiyejulikana alipo. Askari wa Kongo waliokuwa pamoja nao walikufa vilevile. Na katika orodha ya waliorudishwa nyumbani ndani ya masanduku yaliyofunikwa bendera yalikuwamo majina ambayo mtu wa Unguja au Pemba hahitaji kuambiwa yametoka wapi.

Walimwengu walijibu nini? Tuseme kweli kwamba upande wa maneno hawakuchelewa. Katibu Mkuu alilitaja shambulio hilo kuwa baya kupita yote yaliyowapata walinda amani wa Umoja wa Mataifa katika historia ya karibuni, akasema ni uhalifu wa kivita, na akaitaka Serikali ya Kongo iwasake wahusika na kuwafikisha mbele ya sheria upesi. Baraza la Usalama likalaani. Serikali nyingi zikatuma rambirambi. Hatuyadharau maneno hayo, kwani mfiwa asiyepewa pole huwa na msiba juu ya msiba. Lakini tumekaa na matamko ya namna hii kwa miaka mingi, tukayasoma moja baada ya jingine, tukaona yanavyofanana hata mtu angeweza kubadilisha jina la nchi na tarehe, yaliyobaki yakasomeka vilevile.

Kwa maoni yetu jibu la dunia kwa damu ya mlinda amani halipimwi katika ukumbi wa New York. Hupimwa mahali pawili. Pa kwanza ni usiku uleule wa shambulio: je, msaada ulifika? Pa pili ni mahakamani, hata kama ni baada ya miaka kumi: je, kuna aliyesimamishwa kizimbani? Yanayosemwa kati ya mahali hapo pawili tunayaheshimu kama heshima za mazishi, nazo heshima za mazishi hazimrudishi mtu wala hazimlindi aliyebaki lindoni.

Kuhusu usiku ule, Umoja wa Mataifa wenyewe umekwisha kujishuhudia. Mapema mwaka 2018 Katibu Mkuu aliunda tume chini ya Bwana Dmitry Titov, Mrusi mwenye uzoefu mrefu katika shughuli za kulinda amani, naye akaleta matokeo mwezi Machi mwaka huo. Tume haikuitazama Semuliki peke yake, maana kabla ya Semuliki kulikuwa na Mamundioma, mahali pengine katika eneo hilohilo la Beni, ambako askari wa Tanzania walishambuliwa mwezi Septemba na tena mwezi Oktoba 2017, na wengine wakafa. Msomaji aitazame kalenda: Septemba, Oktoba, Desemba. Adui alibisha hodi mara mbili kabla ya kuvunja mlango.

Na tume iliona nini? Iliona kwamba hapakuwa na mpango unaotekelezeka wa kupeleka nguvu za ziada au kuwatoa askari waliozingirwa. Iliona matatizo katika amri na uongozi. Iliona upungufu wa mambo ambayo jeshi lolote linalopigana porini haliwezi kuyakosa, nayo ni ndege, wahandisi na habari za kijasusi. Iliona vilevile mapengo katika mafunzo ya askari. Tungependa wakubwa wetu wayasome haya polepole. Kombania nzima iliwekwa msituni, mbele ya adui aliyekwisha kuonyesha nia yake mara mbili, na taasisi yenye bajeti ya zaidi ya dola bilioni moja kwa mwaka nchini Kongo haikuwa na mpango wa kuifikia ikishambuliwa.

Hilo la mafunzo ni letu pia, wala hatutalipita kwa kunyamaza. Nchi inayopeleka askari hupaswa kuwapeleka wakiwa wameandaliwa kwa vita watakayoikuta, na vita ya msitu wa Beni si vita ya milima ya Goma. Ni rahisi kwa mwandishi wa gazeti kuwalaumu mabwana wa New York kuliko kuuliza maswali nyumbani, nasi tukikubali urahisi huo tutakuwa hatuwatendei haki waliokufa.

Hapa yafaa turudi nyuma kidogo, ili ieleweke askari wetu walikuwa wakifanya nini kule. Tarehe 28 Machi 2013 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2098. Kwa azimio hilo, ndani ya kikosi cha kulinda amani Kongo kikaundwa kikosi maalumu cha kujibu mashambulizi, askari 3,069 kutoka Tanzania, Afrika ya Kusini na Malawi, kamanda wake wa kwanza akiwa Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Kikosi hicho hakikupewa kazi ya kusimama kati ya wagomvi wawili na kutazama. Kilipewa amri ya kuyashambulia makundi yenye silaha na kuyavunja nguvu. Mwezi Agosti mwaka huohuo meja mmoja wa jeshi letu aliuawa karibu na Goma, na mwezi Novemba waasi wa M23 walishindwa wakakimbilia nchi jirani. Sifa zilimiminika. Dunia ilidhani imepata dawa.

Lakini M23 ya wakati ule ilikuwa jeshi lenye ngome na mstari wa mbele. ADF ni watu wa porini. Hugawanyika katika vikundi vidogo, huvizia njiani, huingia kijijini usiku na mapanga. Tangu Oktoba 2014 kundi hilo limehusishwa na mauaji ya mamia na mamia ya raia wa Beni, watu wanaosema Kinande nyumbani na Kiswahili sokoni, ambao askari wetu waliweza kuzungumza nao bila ya mkalimani. Kupambana na adui wa aina hiyo kwahitaji macho angani na masikio vijijini. Askari wetu walipewa kazi ya wapiganaji, wakapewa vifaa vya walinzi wa lango. Nao walioandika azimio, wale wakubwa watano wenye kura ya turufu, hawakuweka kombania yao hata moja katika kikosi hicho.

Hatusemi hayo kwa chuki. Jenerali Carlos Alberto dos Santos Cruz wa Brazili, aliyeviongoza vikosi vyote vya Umoja wa Mataifa Kongo wakati M23 iliposhindwa, aliongoza uchunguzi mwingine mkubwa zaidi kuhusu usalama wa walinda amani kote duniani, na taarifa yake ilitolewa Januari 2018, majuma machache baada ya Semuliki. Alihesabu walinda amani 195 waliouawa kwa vitendo vya ukatili tangu mwaka 2013, idadi ambayo haijapata kufikiwa katika miaka mitano mingine yoyote. Alisema waziwazi kwamba bendera ya Umoja wa Mataifa na kofia ya buluu hazimkingi tena mtu kwa heshima yake tu. Wako waliomwona ni mkali kupita kiasi, kwamba ataka kuwageuza walinda amani kuwa jeshi la vita. Sisi twaona alisema lile ambalo kila askari aliyelala handakini Beni alikuwa akilijua.

Yapo majibu ya namna nyingi ambayo dunia imepata kuyatoa, na inafaa kuyakumbuka, kwa sababu mara nyingi tunaambiwa kwamba hakuna lingine linalowezekana.

Tarehe 5 Juni 1993, mjini Mogadishu, wanamgambo wa Jenerali Aidid waliwaua askari 24 wa Pakistani. Kesho yake tu Baraza la Usalama lilikutana na kupitisha azimio namba 837, likaamuru wahusika wakamatwe na kuadhibiwa. Hilo lilikuwa jibu la hasira. Msako ukawa vita katika mitaa ya mji, Wasomali kwa mamia wakafa, na tarehe 3 Oktoba wakafa Wamarekani 18. Mwezi Novemba Baraza lilelile likausimamisha msako lililouamuru. Miaka miwili haikutimia tangu damu ile, Umoja wa Mataifa ukawa umefunga virago Somalia.

Mwaka uliofuata, tarehe 7 Aprili 1994, askari 10 wa Ubelgiji waliuawa katika kambi ya jeshi mjini Kigali. Jibu safari hii likawa kukimbia. Ubelgiji iliwaondoa askari wake, na tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama likaamua kubakisha Rwanda watu wapatao 270 tu. Waliowaua Wabelgiji walitaka jambo hilohilo, nao walilipata kwa bei rahisi. Yaliyowapata raia wa Rwanda katika majuma yaliyofuata hakuna asiyeyajua.

Kisha ikaja Sierra Leone. Mwezi Mei 2000 waasi wa RUF waliwashambulia walinda amani na kuwateka wapatao 500, wengi wao Wazambia, na Wakenya wakiwamo. Watu wengi walitabiri kwamba mambo yatakwenda kama Mogadishu au kama Kigali. Hayakwenda hivyo. Uingereza ilipeleka askari wake Freetown. Umoja wa Mataifa, badala ya kupunguza, uliongeza kikosi chake hata kikafikia ruhusa ya askari 17,500. Ikaundwa mahakama maalumu, na mwezi Februari 2009 viongozi watatu wa RUF, Issa Sesay, Morris Kallon na Augustine Gbao, walitiwa hatiani kwa makosa mengi, miongoni mwayo kosa la kuwashambulia walinda amani, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa mtu kuhukumiwa na mahakama ya kimataifa kwa kosa hilo. Walipata vifungo vya miaka 52, 40 na 25, wakapelekwa gerezani Rwanda. Jambo linalowezekana Freetown kwa nini lisiwezekane Beni?

Semuliki ilipata sehemu ya jibu. Majuma mawili baada ya shambulio, tarehe 22 Desemba 2017, Uganda iliyapiga kambi za ADF kwa ndege na mizinga kutoka upande wake wa mpaka. Mwanzoni mwa 2018 jeshi la Kongo lilianzisha operesheni yake. Hapo kabla, mwaka 2014, Umoja wa Mataifa ulikuwa umekwisha kuliwekea vikwazo kundi lenyewe, na Februari 2020 ukamwekea vikwazo kiongozi wake, Musa Baluku, ambaye kundi lake lilikuwa limejiunga na wale wanaojiita Dola la Kiislamu. Marekani ikaahidi mwaka 2023 zawadi ya hadi dola milioni 5 kwa atakayetoa habari za mtu huyo. Yote hayo tunayahesabu. Lakini vikwazo vya benki na hati za kusafiria humuuma nini mtu anayelala chini ya mti na kula cha kupora?

Katika mambo ya sheria kuna fundo moja ambalo wakubwa wetu, hasa wanasheria wa Serikali, hawana budi kulifungua. Mkataba wa usalama wa watumishi wa Umoja wa Mataifa ulipitishwa Desemba 1994 na kuanza kutumika Januari 1999. Mkataba wa Roma wa 1998, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai, unasema kumshambulia mlinda amani ni uhalifu wa kivita, lakini unaongeza sharti: maadamu mlinda amani huyo anastahili kinga anayostahili raia. Sasa askari aliyetumwa kwa azimio kushambulia, je, anastahili kinga ya raia? Wakili wa mtuhumiwa hatashindwa kulishika neno hilo, nasi hatuoni kama ni neno la kipumbavu. Katibu Mkuu aliita Semuliki uhalifu wa kivita, ila Katibu Mkuu si hakimu. Hivyo askari wetu walikuwa wapiganaji machoni pa adui na pengine hata machoni pa sheria, wakati katika mgao wa helikopta na wahandisi walihesabiwa kama walinda amani wa kawaida.

Wala mahakama hiyo haina rekodi ya kutia moyo. Tarehe 29 Septemba 2007 walinda amani 12 wa Umoja wa Afrika waliuawa Haskanita, Darfur. Mshtakiwa wa kwanza alifika The Hague kwa hiari yake, na mwaka 2010 majaji wakaona ushahidi hautoshi. Wa pili alifariki dunia mwaka 2013. Kwa wa tatu hati ya kumkamata ilitolewa mwaka 2014. Na katika Darfur hiyohiyo, Julai 2013, askari 7 wa Tanzania waliuawa katika mavizio, wengine 17 wakajeruhiwa. Kikosi cha Darfur kilifungwa mwisho wa mwaka 2020, na kwa damu ile hatujasikia jina la mtu aliyeitwa mbele ya hakimu. Agosti 2021 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2589, linalohusu hasa kuwafikisha mahakamani wanaowaua walinda amani. Ni azimio zuri. Lilihitaji kuandikwa miaka ishirini mapema.

Tukirudi kwa Wabelgiji wa Kigali, kuna somo ambalo lilipita mbele ya milango yetu. Mmoja wa maofisa wa jeshi la zamani la Rwanda aliyetuhumiwa kwa vifo vyao, Meja Bernard Ntuyahaga, alikuwa mikononi mwa mahakama ya Arusha, akaachiwa mwaka 1999, akakamatwa na vyombo vya Tanzania, na mwaka 2004 akaenda Ubelgiji. Mwaka 2007 mahakama ya Brussels ilimfunga miaka 20. Miaka kumi na mitatu ilikuwa imepita. Ubelgiji ilikosea kwa kukimbia, na wengi wameisema kwa hilo, lakini haikusahau watu wake. Iliwafungulia faili, ikaliweka juu ya meza, haikuliondoa mpaka mtu akahukumiwa. Ubelgiji ni nchi ndogo kwa eneo kuliko mikoa kadhaa ya Tanzania.

Ndipo tunapowageukia walio katika madaraka. Tanzania si mgeni katika habari za ADF. Jamil Mukulu, aliyeliongoza kundi hilo kwa miaka mingi, alikamatwa nchini mwetu mwaka 2015 na kupelekwa Uganda mwezi Julai. Taarifa za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimetaja mara kwa mara kwamba miongoni mwa wapiganaji wake wamo vijana waliotoka nchi za jirani, na Tanzania imetajwa. Jambo hili linauma kulisema, hasa hapa Visiwani ambako tunajuana kwa ukoo na mtaa, lakini hatuoni faida ya kulificha. Yawezekana katika msitu ule mtoto wa Mtanzania alimlenga bunduki mtoto wa Mtanzania. Kwa hiyo sehemu ya jibu kwa Semuliki iko katika bandari zetu na vituo vyetu vya mpakani, na katika madarasa yetu ambamo kijana huahidiwa masomo ya bure ng'ambo akapotea.

Tunaiomba Serikali mambo ambayo hayahitaji dola bilioni. Kila mara inapoombwa kombania, iulize kwanza na ipate jibu kwa maandishi: wakizingirwa usiku, nani atakwenda, kwa chombo gani, baada ya saa ngapi? Kama jibu halipo, kombania isiondoke. Pili, ikubaliane na Serikali ya Kongo juu ya nani atafungua mashtaka, ushahidi uliokusanywa na tume umehifadhiwa wapi, na wapiganaji wanaokamatwa Beni wahojiwe kuhusu usiku ule kabla kumbukumbu hazijafutika. Tatu, familia zipewe habari. Tunajua kuna mambo ya siri katika jeshi na hatutaki yawekwe gazetini, lakini mama aliyetoa mwana ana haki ya kuambiwa zaidi ya kwamba mwanawe amekufa akiwa kazini. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Wako watakaotuuliza kwa nini basi tusiwarudishe vijana wetu wote nyumbani na kuacha Kongo ijitazame. Jibu letu ni Kigali ya 1994. Jibu jingine ni wale watu wa Beni wenyewe. Novemba 2019 walitoka barabarani kwa hasira, wakachoma ofisi ya mji na kuivamia kambi ya Umoja wa Mataifa, wakiuliza walinda amani wana kazi gani ikiwa watu wanachinjwa karibu nao. Hawakuwa wakiomba walinda amani wachache zaidi kwa kupenda. Walikuwa wakidai kazi ile iliyoandikwa kwenye karatasi mwaka 2013. Kati yao na wajane wetu hakuna ugomvi. Wote wawili waliahidiwa kitu kimoja.

Wala si kweli kwamba moyo ulikosekana. Novemba 2018, mwaka mmoja kasoro majuma matatu baada ya Semuliki, vikosi vya Tanzania na Malawi viliishambulia ngome ya ADF karibu na Beni. Koplo mmoja wa Kitanzania alijeruhiwa, akawa hawezi kutembea, risasi zikimzunguka. Askari wa Malawi, Private Chancy Chitete, alimwendea, akamburura mpaka mahali penye kinga na kuanza kumhudumia, na hapo ndipo yeye mwenyewe akapigwa risasi akafa. Wamalawi 6 na Mtanzania 1 walikufa katika operesheni ile. Koplo alipona. Mei 2019 Umoja wa Mataifa ulimtunukia marehemu Chitete nishani ya ushujaa yenye jina la Kapteni Mbaye Diagne wa Senegali, aliyeokoa watu wengi Rwanda kabla ya kuuawa yeye mwenyewe mwaka 1994. Usiku wa Semuliki msaada haukuwa na mpango. Mchana ule wa Novemba mpango mzima ulikuwa ni mtu mmoja aliyeamua kumfuata mwenziwe, na nchi zetu zisikubali kuendesha mambo hivyo.

Januari 2025 tulipata msiba mwingine, pale M23 waliorudi na nguvu mpya walipouteka mji wa Goma. Askari 14 wa Afrika ya Kusini walikufa, pamoja na Wamalawi 3 na Watanzania 2, wengi wao wakiwa katika kikosi cha nchi za kusini mwa Afrika kilichokuwa kimekwenda kusaidia. Baraza la Usalama lilikutana Jumapili ya tarehe 26 Januari kwa dharura, likasema yale linayosema. Tarehe 13 Machi viongozi wa SADC wakaamua kukifunga kikosi hicho. Msomaji aliyefuatana nasi toka Mogadishu ataweza kupima mwenyewe kama jibu hilo lafanana zaidi na Freetown au na Kigali.

Na yuko yule mmoja. Ripoti ilipotolewa Machi 2018, miezi mitatu baada ya shambulio, askari mmoja aliyekuwa Semuliki alikuwa bado hajulikani alipo. Katika hesabu za New York yeye ni tarakimu peke yake, baada ya 15 na 43. Kwetu sisi mtu asiyejulikana alipo si jambo dogo. Hasaliwi kama maiti wala hangojwi kama msafiri. Mkewe hajui kama akae eda au aandike barua. Baba yake hajui kama agawe au aweke. Awe alitoka bara au alitoka Visiwani, awe alipatikana baadaye au hakupatikana, nyumba ile ilistahili kuambiwa neno la mwisho na mtu mwenye cheo, uso kwa uso. Tunawauliza wanaohusika: faili lake liko ofisi gani, na mara ya mwisho kufunguliwa ilikuwa lini?